Kobe wa uani na vidole vya hina

*Kikundi: Majirani wa Langoni, Lamu*

Halati Rukia: Assalamu alaikum jamani. Kobe wa uani amemng'ata Maryam kidole gumba cha mguu, damu imetoka kidogo. Wenye kujua, huyu kaingiwa na nini?

Ami Shee: Wa alaikum salaam. Kidonda kwanza. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 5 zisipungue. Kichaa cha mbwa msikiwaze, hicho ni cha wanyama wanaonyonyesha. La kuangalia ni pepopunda: ikiwa ngozi imechanika na chanjo yake ya mwisho imepita miaka 5, apelekwe hospitali leo.

Halati Rukia: Tayari yuko bombani.

Zuhura: Halati, Maryam ana hina miguuni?

Halati Rukia: Anayo. Ya harusi ya Ijumaa.

Zuhura: Basi msimlaumu kobe. Macho yao hushika sana nyekundu, rangi ya chungwa na manjano, maana ndizo rangi za maua na matunda yaliyoanguka chini. Kidole chenye hina kikipita mbele ya pua yake, yeye ameona chakula. Rangi ya kucha nyekundu ni hivyo hivyo. Na okoteni vifuniko vya soda uani, hivyo huvimeza kabisa, halafu tumbo likaziba.

Kassim: Kumbe wanawake wa Lamu wote ni mboga 😂

Bi Mwanaesha: Kassim, nyamaza watu wajifunze. Mimi napaka piko, ile rangi nyeusi, sina wasiwasi.

Zuhura: Bi Mwanaesha, piko haikuokoi ukitoka kumenya embe 😄 Hunusa pia. Mkono wenye harufu ya tunda ni tunda.

Ami Shee: Mtazameni kabla hajang'ata, mtajua sababu. Mwenye njaa hunyoosha shingo taratibu, hunusa, ndipo afungue mdomo. Mwenye hofu hafanyi hivyo: huvuta kichwa ndani na pumzi ikatoka kwa sauti, fsss. Watu hudhani anatisha, kumbe ni hewa tu inasukumwa kutoka mapafuni kichwa kikirudi ndani. Mwenye ugomvi huja mbio, anagonga kwa ukingo wa gamba, kisha ndiyo anang'ata miguu. Wa Maryam ni yupi kati ya hao?

Halati Rukia: Wa kwanza. Alinyoosha shingo kabisa.

Ami Shee: Njaa basi, au mazoea. Nani humlisha?

Halati Rukia: Maryam mwenyewe, kwa mkono.

Ami Shee: Hapo ndipo penye kosa. Kobe akishalishwa kwa vidole, kila kidole kinachokaribia ni sahani. Kuanzia kesho chakula kiwekwe juu ya kigae au jiwe bapa, mahali pale pale, saa ile ile ya asubuhi, na mtu aondoke kabla kobe hajafika. Akija kumfuata mtu miguuni asipewe kitu, hata ua moja. Itachukua wiki kadhaa. Mkipita uani vaeni viatu vilivyofunika vidole, si kandambili.

Kassim: Na aking'ang'ania? Mtu huvuta tu.

Zuhura: Usivute!! Hana meno, lakini ukingo wa mdomo wake ni mkali na ukivuta ndio unachana nyama. Mteremshe mpaka miguu yote minne iguse chini, tulia, usipige kelele. Akionja kuwa si jani huachia mwenyewe. Akikawia, mwagia maji kidogo puani. Usiingize kisu wala kijiko, utamvunja taya.

Bi Mwanaesha: Na watoto wanaombusu je? Nimeona.

Zuhura: Hilo linanitia hofu kuliko kung'atwa. Kobe hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, akiwa mzima kabisa. Walio chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasimshike. Wengine wanawe kwa sabuni kila mara, na chombo chake kisioshwe jikoni.

Halati Rukia: Swali jingine. Huyu mkubwa humng'ata mwenzake miguu ya nyuma kutwa. Ni njaa hiyo pia?

Ami Shee: La. Inua kila mmoja kidogo, usimpindue chali. Gamba la tumboni limebonyea? Mkia ni mrefu na mnene?

Halati Rukia: Ngoja.

Halati Rukia: Limebonyea. Wote wawili. Mikia mirefu.

Ami Shee: Madume wawili uani pamoja, vita hiyo haiishi. Watenganishe leo kwa ukuta wa matofali, kwenda juu sentimita 45 hivi. Si wavu, maana wakionana watagonga wavu mpaka wajiumize pua. Kila mmoja awe na kivuli chake na maji yake. Hata angekuwa jike, dume mmoja na jike mmoja ni taabu, jike hapumziki.

Bi Mwanaesha: Hao ni wale wa madoa? Kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, kipo? Sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezi.

Halati Rukia: Kipo, Bi.

Zuhura: Wanakula nini?

Halati Rukia: Mchicha, wali uliobaki, ndizi.

Zuhura: 🙆🏽‍♀️ Wali na ndizi acheni. Wa madoa ni mla nyasi: nyasi na magugu ziwe kama asilimia 80, juu yake majani na maua ya hibiskasi. Fungu moja kwa siku, ukubwa wa gamba lake. Mchicha mara moja moja tu, unazuia kalsiamu. Vyakula laini pia havisagi mdomo, unarefuka ukapinda. Ukishapinda msiukate kwa koleo, hupasuka. Mwiteni daktari wa mifugo.

Halati Rukia: Huguguna ukuta wa chokaa pia.

Zuhura: Kalsiamu hiyo. Mpe mfupa wa dome, yule wa baharini jamii ya ngisi, autafune na mdomo usagike.

Kassim: Ufuoni Shela maji yakipwa mifupa hiyo huwa imejaa. Nikuletee, Halati?

Halati Rukia: Niletee mwanangu, miwili. Kila mmoja wake.

Zuhura: Iloweke siku mbili kwanza kwenye maji baridi, ubadilishe maji asubuhi na jioni chumvi itoke. Na ubandue lile gamba gumu la mgongoni mwa mfupa, kobe abaki na ile sehemu laini.