Nina laki saba: mazabodi na kadi ya grafiki kwa Dell OptiPlex 9020, nianzie wapi?

PichaKahama:
Wakuu, habari za jioni. Naediti video za harusi na sendofu hapa Kahama. Mashine ni Dell OptiPlex 9020, lile kasha kubwa la MT, prosesa i5-4590, RAM 8GB, hard disk ya kawaida ya 1TB. Kamera ni Sony A7 III na narekodi 4K. Kwenye Premiere nikipandisha video mbili na kugusa rangi kidogo, picha inakwamakwama, na kurenda (kutoa video iliyokamilika) naiacha usiku kucha. Duka moja la Dar nimewaeleza kazi yangu, wakasema nichukue mazabodi ya H610 na kadi mpya ya RX 6400. Prosesa na RAM nilizonazo si zinahamia tu? Natanguliza shukrani.

Fundi_Msimbazi:
Mkuu, hiyo hela usiitume kwanza.

Prosesa yako ni ya soketi (tundu lake kwenye mazabodi) LGA1150 na RAM zako ni DDR3. H610 ni LGA1700, inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 12, na RAM za DDR4 au DDR5. Hakuna kinachohamia hapo. Halafu fungua ubavu wa kasha uangalie ule waya mkuu wa umeme unaoingia kwenye mazabodi: una pini 8. Mazabodi za kawaida zinataka pini 24. Kwa hiyo ukigusa mazabodi umegusa prosesa, RAM na pawa saplai, pengine na kasha lenyewe. Hiyo ni mashine mpya, na laki saba itakata kabla hujaifikia kadi.

Kinachoniuma zaidi ni hiyo RX 6400, maana uliwaeleza kabisa kwamba unaediti. Kadi hiyo, pamoja na ndugu yake RX 6500 XT, AMD hawakuiwekea sehemu ya kutengeneza video za H.264 wala H.265. Gemu itacheza, lakini ukibonyeza eksporti, kadi haikusaidii kuiandika video. Tena inatumia njia 4 tu za PCIe, ule mfumo unaounganisha kadi na mazabodi. Iliundiwa PCIe 4.0, na mashine yako ni 3.0, kwa hiyo upana wa njia unabaki nusu.

Tafuta kadi ya GTX 1650 ya mtumba ambayo haina tundu la waya wa umeme. Inakula wati 75, zote zinatoka kwenye sloti, na pawa saplai yako ya wati 290 inaimudu. Zipo 1650 zenye tundu la pini 6, hizo ziache, huo waya huna. Kisha SSD, ile diski ya kasi, na RAM ufike 16GB au zaidi. Mazabodi yako ina sloti 4 na inafika 32GB. Ukiuziwa RAM za seva kwa bei ya kutupa, usichukue, hazitawaka humo. Chenji ikibaki, i7-4790 inaingia kwenye soketi hiyohiyo na inakupa nyuzi (kazi za kufanya kwa pamoja) 8 badala ya 4.

Ila leo usiku, kabla ya shilingi yoyote kutoka, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za video, za 720p humo humo kwenye Premiere uediti nazo. Kukwama kutapungua sana.

NyangumiTZ:
Fundi nakuheshimu, lakini Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia rasmi kizazi cha 8. Kwa nini azike hela kwenye kizazi cha 4? Avute subira, ajenge mashine ya AM4 (soketi ya AMD) na prosesa ya Ryzen 5 5600.

Fundi_Msimbazi:
Hoja yako ni ya kweli, na AM4 ndiko ninakotaka aende. Lakini ana harusi za msimu huu, na wateja hawamsubiri. Kadi na SSD zitahamia AM4 bila shida, kitakachobaki nyuma ni DDR3 ambazo ni bei ndogo. Tena Ryzen 5 5600 haitoi picha yenyewe, lazima iwe na kadi, na kadi atakuwa nayo. Siku hiyo ikifika, akichukua mazabodi ya B450 aulize kwanza kama BIOS (programu ya kuiwasha mazabodi) imeshasasishwa. Ya zamani haiwashi 5600.

PichaKahama:
Nimewaelewa wote, asanteni. Kuna jamaa ana GTX 1050 Ti, bei yake chini kabisa. Ina tundu la HDMI na lile la VGA la bluu. Vipi hiyo?

Fundi_Msimbazi:
Hilo la bluu ndilo linanitia shaka. Chipu za GTX za familia ya 10 hazitoi VGA. Kadi za namna hiyo mara nyingi ni GTS 450 au GTX 550 Ti za zamani zilizobadilishwa BIOS ili zijitambulishe kwa jina jingine. Mwambie aiwashe, afungue programu ya GPU-Z inayosoma taarifa za kadi, akurekodie video moja inayoonyesha skrini na stika ya nyuma ya kadi bila kukata. Kadi ikiwa ya kughushi, GPU-Z huandika [FAKE] mwanzoni mwa jina. Ukiipata ile 1650, nitumie hapa picha ya ukingo wake wa juu kabla hujalipa, nikuangalizie kama ina tundu la umeme.