Tupeane uzoefu: unatoaje risasi ya kulehemu kwenye bodi bila kung'oa pedi?

FundiJinja
Ndugu mafundi, hamjambo. Nina meza yangu ya kutengeneza redio na ampulifaya hapa Jinja, Uganda. Wiki mbili zilizopita niliharibu bodi ya ampulifaya ya kanisa moja. Kazi yenyewe ndogo: kapasita mbili zimevimba, zitolewe, ziwekwe mpya. Ya kwanza ilitoka. Ya pili, mguu wake wa hasi umeshikana na shaba pana ya graundi (njia ya pamoja ya hasi) inayokula joto, risasi haikuyeyuka hadi ndani. Nikakandamiza pasi ya kulehemu, nikavuta kwa koleo, ikaja na pedi yake, kile kidoa cha shaba kinachoshika mguu. Nimeunga kwa waya mwembamba na ampulifaya inalia. Mchungaji nilimweleza ukweli na sikumtoza hela, lakini jambo hili limeniuma.

Kila ninayemuuliza ana dawa yake: huyu pampu ya kunyonya risasi, yule utambi wa shaba unaoifyonza, mwingine blowa ya hewa ya moto. Mwezi huu nina fedha ya kifaa kimoja. Naomba kila mtu asimulie alichotumia kwa mkono wake, kwenye kazi gani, na kilimshindia wapi.

Mzee wa Katwe
Pole kijana. Pasi yako ni ya wati ngapi? Nauliza kwa sababu miaka yangu ya mwanzo nililaumu pampu, kumbe kosa lilikuwa pasi. Nilikuwa na ya wati 25, ncha imechongoka kama sindano. Risasi ya juu inayeyuka, ya chini bado jiwe. Nikifyatua pampu inanyonya nusu, na ile nusu inayobaki ndiyo taabu, maana imekuwa kidogo mno kupitisha joto. Siku niliyopata pasi ya wati 60 yenye ncha bapa, pampu ileile ikaanza kusafisha tundu kwa mara moja.

Ninavyofanya mimi, kwanza naongeza risasi mpya kidogo. Wanafunzi wangu hushangaa: tunataka kutoa, wewe unaongeza? Lakini risasi mpya inakuja na flaksi yake, ile dawa ya kusaidia risasi ishike, inakumbatia ncha na mguu pamoja, joto linashuka hadi upande wa pili. Nasubiri mguu ucheze ukiguswa, ndipo nafyatua. Kwenye mdomo wa pampu nimevalisha kipande kifupi cha mpira wa silikoni. Unavumilia moto, na unaziba vizuri kuzunguka mguu hata pasi ikiwa bado hapo. Kila baada ya siku chache nafungua pampu, namwaga chembe za risasi, napaka grisi kidogo kwenye pistoni. Pampu nyingi zinazotupwa ni kavu tu, hazijafa.

Inaponishinda: aisii (chipu) zenye miguu midogo ya juu ya bodi. Pia zile bodi za kahawia za redio za zamani, pedi zake zimechoka, teke la pampu peke yake linaweza kuzing'oa. Hapo naiweka kando.

Dada wa Redio, Arua
Shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa utambi. Naletewa redio na vidhibiti vya sola, bodi ndogo ndogo, na utambi hauna teke.

Utambi wa bei rahisi wa dukani ulinikatisha tamaa mpaka nilipoelewa kwamba tatizo ni flaksi: hauna. Ukiupaka, unakunywa risasi kama mchanga unavyokunywa maji. Ukiniishia nachuna waya wa antena ya televisheni, natoa wavu wake wa shaba, nauloweka flaksi. Mara moja nilipoteza siku nzima na wavu ambao haukushika chochote. Ulikuwa wa alumini, na risasi hii yetu haishiki alumini. Siku hizi nakwangua kwa wembe kwanza, nione wekundu wa shaba.

Ndugu wa Jinja, sikiliza na hili. Huku kwetu jioni umeme hupungua nguvu. Siku moja pasi ilipoa nikiwa katikati ya kazi, utambi ukaganda kwenye bodi, nami nikauvuta. Njia mbili za shaba zikaondoka nao. Utambi ukiganda, rudisha pasi juu yake ungoje, kisha inua vyote viwili pamoja. Kipande kilichokwisha kunywa kikate, kwa sababu kinaiba joto. Kazi nzito za graundi sasa nazifanya asubuhi, au kwa pasi ya volti 12 kwenye betri ya sola.

Simu Kampala
Sisi wa simu bila blowa hatufanyi kazi. Tundu la chaji lina miguu mingi na vishikizo vinne vya pembeni, huwezi kuviyeyusha vyote kwa pasi kwa wakati mmoja. Ila nilijifunza kwa hasara: simu ya pili niliyofanya, chaji ilirudi lakini maiki iliyo karibu yake ikafa kwa joto. Nililipa. Tangu hapo nafunika vipuri jirani vyote kwa tepu ya kaptoni inayovumilia moto, napasha bodi polepole kutoka chini kabla ya kupuliza.

Jambo jingine ni risasi yenyewe. Jina letu linachanganya, kwa sababu vitu vingi vya siku hizi vimeunganishwa kwa risasi isiyo na ledi, yaani madini ya risasi yenyewe, ndani. Sheria ya Ulaya ilianza kuikataa ledi tarehe 1 Julai 2006, na viwanda vingi vikafuata. Ile ya zamani ya 63/37 (bati 63, ledi 37 kwa mia) huyeyuka nyuzi 183, hii mpya ya bati, fedha na shaba huanza kwenye 217 hivi. Ukichanganya ya zamani kidogo kwenye kiungo, inalainika mapema. Hiyo ni siri nyingine ya mzee wa Katwe kuongeza risasi.

Kwa ampulifaya usinunue blowa. Kapasita zile za maji ndani zikipulizwa moto huvimba, hata kupasuka.

Mpakani Busia
Sindano. Nenda duka la dawa, nunua sindano mpya za upana tofauti, kata ncha, ilainishe kwa msasa. Yeyusha risasi, visha sindano kwenye mguu, zungusha huku inapoa. Risasi haishiki chuma cha sindano, kwa hiyo mguu unabaki huru ndani ya tundu lake. Nimetoa aisii za miguu 16 hivyo. Ni polepole, lakini pedi zinabaki.

Mwalimu wa Ufundi, Mbarara
Mnaofungua vifaa vinavyochomekwa kwenye umeme wa ukutani, kwanza hakikisheni kapasita kubwa imeisha chaji. Kwa umeme wetu wa volti 240, ndani mnaweza kuwa na zaidi ya volti 300, na inabaki hata baada ya kuchomoa waya.

Nawaomba pia jambo moja kutoka moyoni. Nimewahi kuona vijana wakiweka bodi juu ya sigiri, risasi ikiyeyuka wanagonga chini vipuri vinadondoka. Ni haraka kweli, lakini moshi ule wa bodi na rangi zake wanauvuta wao na watoto waliokaa karibu. Fanyeni nje au msifanye kabisa. Na mikono ioshwe kabla ya kula.

FundiJinja
Ahsanteni sana, shikamoo mzee, ahsante dada. Mzee, pasi yangu ilikuwa ya wati 30. Nimenunua ya wati 60 yenye ncha bapa, pampu nimebaki na ileile ya zamani, nikaipaka grisi na kuivalisha mpira. Jana nimejizoeza kwenye bodi ya televisheni iliyokufa: kapasita 14, matundu 28. Ishirini na sita yako safi. Mawili ya graundi bado yamejaa, ila sikuvuta. Nimeyaacha hivyo hivyo nije kuuliza.

Dada wa Redio, Arua
Umefanya vizuri kuacha. Tafuta mtu akushikie pasi ya pili. Moja iguse upande wa juu, moja upande wa chini, kwenye tundu lilelile, pamoja na flaksi. Hesabu hadi tano. Mwenye pasi ya juu aondoe, wewe fyatua pampu kutoka juu huku ya chini bado imegusa. Ikikataa mara mbili, iache ipoe kabisa kabla ya kujaribu tena.