Wakuu naomba ushauri: niweke ramani na vizibo mezani, au nisimulie kwa mdomo tu?

Mchezesha_Jumamosi

Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linanikosesha raha wiki ya pili sasa, na najua humu wapo waliochezesha miaka mingi kuliko mimi.

Nachezesha D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa kusimuliana hadithi ambapo kila mchezaji ana mhusika wake na dadu zinaamua matokeo) toleo la 5 kila Jumamosi hapa Dar, nyumbani kwa dada yangu Sinza. Tuko sita, mimi msimulizi na wachezaji watano. Mwaka mzima mezani kulikuwa na dadu, penseli na karatasi za wahusika, basi. Mengine yote kwa mdomo. Hadithi yetu iko kwenye mji wa pwani niliouumba mwenyewe, una majahazi, una maghala ya karafuu, na wachezaji wanaupenda kweli.

Sasa wiki mbili zilizopita waliingia kwenye ghala moja usiku, wakakuta mazimwi manane kwenye magunia. Mchawi wetu akarusha tufe la moto. Nikasema mwenye shoka naye kaungua, maana kichwani mwangu alikuwa kati ya magunia. Ndugu yangu, ambaye ndiye anayemcheza mwenye shoka, akasema, "Mimi niko mlangoni, nilisema tangu tunaingia." Tukabishana kama dakika ishirini. Nikashikilia neno langu, mhusika wake akafa. Miezi minane amemcheza yule mtu. Aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaaga kwamba anawahi gari.

Wiki iliyofuata hakuja. Mimi nikaja na bao la drafti na vizibo vya soda, kila mtu na kizibo chake, mazimwi vizibo vya bia. Ugomvi haukuwepo hata kidogo. Lakini mchezo nao ulipoa. Yule dada anayecheza nahodha, ambaye kila pambano anatoa amri kwa sauti ya nahodha mpaka watoto wa jirani wanachungulia dirishani, siku hiyo alisema tu: "Nasogea miraba minne, napiga." Hakuna aliyeuliza kuna giza kiasi gani. Hakuna aliyeuliza ghala linanuka nini.

Nifuate lipi? Nataka watu wangu wote watano mezani.

MzeeWaDadu

Pole sana mkuu. Kabla hujakitupa kizibo, jua kimetoka wapi. Mchezo huu ni mtoto wa michezo ya vita ya mezani. Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mwaka 1974, jalada lenyewe lilisema ni kanuni za vita vya enzi za kati za kubuni, zinazochezwa kwa karatasi, penseli na vijisanamu. Umbali uliandikwa kwa inchi: inchi moja mezani ni futi 10 ukiwa ndani ya pango, na yadi 10 ukiwa nje. Watu walipima kwa rula.

Toleo la 3 mwaka 2000 likakazia mraba wa futi 5. La 4, mwaka 2008, likaandika mwendo na masafa kwa miraba moja kwa moja. Hilo lako la 5, la 2014, limefanya miraba kuwa hiari, lakini namba zimebaki palepale: mtu anatembea futi 30 kwa zamu, tufe la moto linafika futi 20 kila upande kutoka katikati. Ulichezesha kwa masikio kanuni iliyoandikwa kwa rula. Siku zote kwenye moto na mishale itakukwama. Mimi kwenye pambano kubwa naweka ramani, na sijawahi kujuta.

Sikio_la_Pwani

Mzee wangu nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe. Sisi tumelelewa kwa paukwa, pakawa. Bibi alikuwa haanzi mpaka umeitikia, na katikati ya hadithi anakuuliza, "Haya, sungura yuko wapi sasa?" Ukikosea anarudi nyuma. Hicho ndicho kilichokosekana kwa mleta mada: hakuwauliza. Simulizi haina kosa.

Mimi nachezesha kwa mdomo mtupu na ninafanya hivi. Mtu akitaka kurusha kitu kinacholipuka, dadu zinasimama. Nazunguka meza, kila mmoja anataja alipo kwa maneno yake. Tukitofautiana, mchezaji ndiye mwenye haki, kwa sababu yeye ndiye anayeyajua maisha ya mtu wake.

Halafu kitabu cha msimulizi cha 2014 kina hesabu ya hili. Kwa tufe, chukua futi za kutoka katikati ugawe kwa 5. Ishirini kwa tano ni nne, basi moto unapata wanne. Mimi naongeza la kwangu: mchawi akitaka wa tano, namwambia wazi kwamba mwenzake aliye karibu ataungua naye, aamue kabla hajarusha. Hapo meza nzima inanyamaza kumtazama. Bao la drafti haliwezi kukupa ule ukimya.

Mama_Nahodha

Mimi nina moja tu. Mpigie simu ndugu yako kwanza. Mambo ya ramani yatafuata.

FundiKaratasi

Salamu kutoka Mombasa. Nimesoma yote na nadhani sijaona mtu akilitazama lile bao lenyewe. Bao la drafti ni miraba 8 kwa 8. Kwa futi 5 kila mraba, ni futi 40 kwa 40. Tufe la moto kutoka upande mmoja hadi wa pili ni futi 40! Ukililipua katikati, bao zima linawaka, labda pembe tu zinapona. Upinde mrefu unapiga futi 150 bila shida, hiyo ni miraba 30, na wewe una minane. Mwenye kasi ya kawaida anatembea miraba sita, kwa hiyo zamu moja amemfikia adui yeyote.

Umewafungia watu wako kwenye kibanda. Mpiga mishale hana pa kurudi nyuma, mchawi hathubutu kurusha, kilichobaki ni kusogea na kupiga. Nahodha wako hakukosa maneno, alikosa la kuamua.

Acha miraba kabisa. Chana karatasi vipande vya ukubwa wa kiganja, kila kimoja uandike eneo: Mlango wa Barabarani, Magunia, Darini, Gatini. Vipange mezani jinsi vinavyopakana. Kizibo kinakaa juu ya karatasi. Kuvuka kwenda eneo la jirani ni mwendo wako wa zamu hiyo, moto unachoma eneo moja lote. Mchezo mwingine wa aina hii, Fate, umejengwa kwa maeneo ya namna hii, sikuota mimi. Na mezani kwangu kuna sharti: hakuna kugusa kizibo kabla hujasema mtu wako anafanya nini. Mdomo kwanza, mkono baadaye.

Kimya_Kimya

Naandika kama mchezaji. Mimi nikisimuliwa chumba sioni picha yoyote kichwani, tangu utotoni niko hivyo. Msimulizi akisema "nyuma ya nguzo" nabaki na neno nguzo peke yake. Miaka miwili nilidhani mimi ni mzito, nikawa nafuata wanachofanya wenzangu. Siku msimulizi wetu alipochora mstari wa ukuta nyuma ya bahasha, nilianza kupanga mashambulizi mimi. Muulize kila mmoja wako, faragha, anaona nini unaposimulia.

Mchezesha_Jumamosi

Asanteni sana wote. Mama_Nahodha, nilimpigia jana usiku, na leo mchana tumekutana. Nilimwomba msamaha, halafu nikampa kalamu anichoree ghala kama alivyolielewa.

Kachora milango miwili. Mimi kichwani nilikuwa na mmoja, wa barabarani. Nikakumbuka: wakati wanaingia nilisema mizigo "inapokelewa upande wa bahari", yeye akauelewa ni mlango, akasimama hapo, na ni kweli alisema "niko mlangoni". Mimi nikamwona ameshauacha mlango wangu na kuingia kwenye magunia. Mwaka mzima tumekaa meza moja kila mtu na ghala lake.

Mlango wa baharini tumeubakiza. Jumamosi tunarudia kuanzia zamu kabla ya moto, kwa karatasi za maeneo, na kabla ya dadu nitazunguka meza kama alivyosema Sikio_la_Pwani. Ndugu yangu karatasi yake bado anayo, imekunjika tu. FundiKaratasi, kwa ghala lenye dari na milango miwili nichane vipande vingapi?

FundiKaratasi

Vitano: milango miwili, magunia, darini, gatini. Chana na cha sita ukiache kitupu. Nahodha atakitaja mwenyewe akikihitaji.