Wakuu naomba ushauri: nimsomee mzee kitabu hadi mwisho au niishie hapa?

Kasia_Bovu (mleta mada):
Habari za jioni wakuu. Niko Ujiji. Kuna mzee, baba wa binti ninayetarajia kumuoa panapo majaliwa, macho yake yamekwisha kabisa. Kila baada ya Isha naenda kumsomea. Tulianza na maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Kizanzibari, yale aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Mzee aliyapenda mno, maana babu yake alikwenda Kongo enzi hizo, mshika bunduki. Tulipomaliza akauliza, wazungu nao waliandikaje habari za huko? Nikamletea riwaya ya Kiingereza, Heart of Darkness ya Joseph Conrad, nasoma huku natafsiri papo hapo. Conrad mwenyewe aliupanda mto Kongo mwaka 1890 kwa meli ya mvuke, nchi nzima ikiwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.
Sasa tumefika sehemu ya mwisho na moyo unasita. Kitabu ni kizito. Nimalizie, au nimwambie kimepotea?

Shangazi_wa_Buguruni:
Mwanangu, binti mwenyewe anasemaje? Mambo ya kitabu baadaye. Mkwe wangu mimi alikuwa ananiletea gazeti kila Jumapili na kunisomea mpaka matangazo ya vifo. Alipokabidhiwa mke, gazeti sikuliona tena.

Mpemba_wa_Bara:
Tippu Tip yule aliyefanywa liwali wa Stanley Falls huko Kongo mwaka 1887 kwa niaba ya huyo huyo Leopold? Mzee ajivunie babu yake, hakuna neno. Ila pembe za ndovu hazikujibeba zenyewe hadi pwani.

Dogo_Janja_wa_Fremu:
Naomba PDF.

Mwalimu_Mstaafu:
Kitabu hicho nakijua. Hakianzi kuwa kizito mwishoni bwana mdogo. Mle ndani kuna watu wamefungwa minyororo shingoni toka sehemu ya kwanza, na hao hawakukusitisha. Hebu funguka. Mlipofika kwa Wazanzibari ulimsomea nini mzee?

Kasia_Bovu:
Mwalimu umenishika pabaya.
Marlow, msimulizi wa kitabu, anatembea kwa miguu kuelekea bara, anakuta mzungu kalegeza vifungo vya sare, kapiga kambi njiani na walinzi wa Kizanzibari wenye bunduki. Conrad anawapa maneno machache tu: wembamba, wakarimu, wachangamfu, karibu awaite walevi. Mzee kusikia "Wazanzibari" akakaa wima kitandani. Nikaona haya. Nikaongezea kidogo, kwamba walikuwa hodari, hawakumpiga mtu, na adabu yao ilimshinda hata bwana wao. Ikafika kama ukurasa mzima.
Sasa kaniagiza niuchape, autie fremu autundike sebuleni. Ijumaa ndugu zake wanatoka Kasulu niwasomee.
Lakini jamani, huyo Conrad Waafrika amewapa sentensi ngapi za kusema kitabu kizima? Hazijazi kiganja. Mimi nimerudisha heshima iliyoibwa, nimekosa nini?

Ustadhi_Mpole:
Uongo umeruhusiwa mahali patatu: vitani, kupatanisha waliogombana, na baina ya mume na mke. Wewe hujaoa. Hata hiyo ya tatu hukuipata.

Mwalimu_Mstaafu:
Ulevi si kitu cha kumnyima mtu usingizi. Sema na hili: maili 3 mbele ya kambi ile kulikuwa na nini?

Boda_Mchana:
Mwalimu usituache njia panda, kulikuwa na nini?

Kasia_Bovu:
Maiti. Mwanamume mweusi wa makamo, tundu la risasi kwenye paji la uso. Yule mzungu alikuwa ametoka kusema wao kazi yao ni kutunza barabara.
Niliruka hapo. Mzee angeuliza nani kafyatua, na kitabu hakisemi! Kwa nini nimbebeshe marehemu babu wa mtu damu ambayo hata mwandishi hakumbebesha?

Mwalimu_Mstaafu:
Hakisemi, ila kimeiweka pale makusudi, kambi kwanza kisha maiti. Ndivyo anavyoandika. Hata Kurtz, yule wakala wa pembe ambaye Marlow anamfuata bara, hakuanza na vichwa vya watu juu ya vigingi. Alianza na ripoti tamu ya kuwastaarabisha watu, halafu chini yake akaongeza kwa mkono wake kwamba waangamizwe wote. Marlow alipoikabidhi ripoti ile, kipande cha chini alikuwa keshakichana. Na ndiye aliyetuambia kwamba uongo unamnukia mauti.

Kasia_Bovu:
Haya, na aliporudi Ulaya akamwambia mchumba wa Kurtz kwamba neno la mwisho la marehemu lilikuwa jina lake. Mlitaka amwambie nini mfiwa? Wala hakuna aliyemhukumu.

Shangazi_wa_Buguruni:
Huyo mchumba aliombolezea mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Mimi hapana, niambie ukweli nilie mara moja.

Kiboko_ya_Chai:
Wakuu, chai hii ina tangawizi na iliki. Asiyeona anatundika ukurasa ukutani ausome nani? Na mwalimu anaibuka tu ghafla, maili anazo kichwani. Huyu ni mwanafunzi ana insha ya "udanganyifu katika riwaya", anatuchuma majibu bure. Kama si mtu mmoja mwenye akaunti mbili.

Dogo_Janja_wa_Fremu:
Kumbe kuna insha. Basi naomba na insha.

Mpemba_wa_Bara:
Insha au si insha, kwangu Chinua Achebe, mwandishi yule wa Nigeria, alishamaliza kazi mwaka 1975 kule Massachusetts, alipomwita Conrad mbaguzi wa rangi hadharani. Tunamsafishia nini?

Mwalimu_Mstaafu:
Achebe ana haki yake, na yule maiti ana yake. Roger Casement alikutana na Conrad huko huko Kongo, mjini Matadi, na ripoti yake ya mwaka 1904 juu ya ukatili wa Kongo, akiwa konseli wa Uingereza, ilimtikisa Leopold. Ukiruka maiti kwa sababu mwandishi ni mbaguzi, anayefaidi ni Leopold. Na akaunti ninayo moja, hata hii nywila nimeandikiwa na mjukuu.

Kasia_Bovu:
Kiboko, mzee anatundika wageni wasome. Usiamini, sikulazimishi.
Nimeamua sehemu ya mwisho nitaisoma ilivyo. Ule ukurasa nauacha, haujamdhuru mtu. Tatizo, nimeambiwa sasa hivi kwamba mmoja wa wageni alisoma Makerere enzi hizo, na anakuja na nakala yake.

Ustadhi_Mpole:
Inna lillahi.

Boda_Mchana:
Ijumaa tupe mrejesho mkuu. Na kama mahari ulishatoa, tafuta risiti mapema.