Globu zinaungua kila mara sebuleni na koridoni, tatizo ni globu au umeme?

BintiKihonda:
Wakuu, habari za jioni. Naishi Kihonda, Morogoro, nyumba ya kupanga yenye fremu mbili za biashara kwa mbele. Tangu masika yaishe globu zinaungua mno. Nanunua za LED za wati 9. Nyingine inakaa wiki chache, nyingine hata wiki haimalizi. Shida ni sebuleni na koridoni tu. Ya chumbani ni ile ile ya mwaka jana na bado inawaka. Nilihisi ni feki, nikanunua za bei kubwa, nazo zimekwenda. Mwenye nyumba ananiambia nitafute globu nzuri zaidi. Nina mtoto wa darasa la saba anayesoma usiku, na hela ya globu sasa inashindana na ya LUKU. Naombeni mnisaidie.

Kisiki:
Pole dada. Kabla hujanunua nyingine, zima meni swichi, toa globu, uchungulie holda kwa tochi. Kama ni ya pini, ndani kuna vile vishikizo viwili vyenye springi. Vikilegea au vikiwa na weusi, umeme unakatikakatika pale na globu haidumu. Holda ya namna hiyo haitengenezwi, badilisha.

Mama Tausi:
Hiyo ya koridoni ina kifuniko cha glasi? LED inauawa na joto. Kinachokufa mara nyingi siyo kile kinachotoa mwanga, ni kisakiti kilichomo kwenye kitako. Ukiifungia ndani ya glasi isiyopumua, inajichemsha yenyewe kila usiku.

BintiKihonda:
Ahsanteni. Ya koridoni kweli imefunikwa, ila ya sebuleni iko wazi. Holda zote mbili ni safi. Kuna jambo nilisahau kusema: fremu moja ni saluni. Wakiwasha draya, taa ya sebuleni inang'aa sana, mpaka mtoto anauliza kuna nini, na ya chumbani inafifia.

FundiMsamvu:
Dada, simama hapo hapo. Nyumba hiyo imeingiziwa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto?

BintiKihonda:
Ndiyo. Mita ni moja kwa nyumba nzima na fremu, tunachangia.

FundiMsamvu:
Basi achana na globu. Taa zote kufifia draya ikiwaka, huo ni mzigo mkubwa kwenye waya mwembamba. Lakini moja kufifia na nyingine kuzidi mwanga kwa wakati mmoja ni dalili ya nyutroli, ule waya wa kurudishia umeme, kulegea au kukatika.

Kati ya fezi na nyutroli mnatakiwa kupata volti 230. Kati ya fezi na fezi ni 400. Nyutroli ndiyo inayozuia hizo 400 zisigawanywe ovyo. Ikilegea, fezi yenye mzigo mkubwa inashuka na yenye mzigo mdogo inapanda. Chumba chako bila shaka kiko fezi moja na saluni, ndiyo maana globu yake imepona. Sebule na korido ziko fezi nyingine, zinapokea kuliko kiasi.

Leo hii chomoa friji, TV na chaja zote. Waulize majirani kama nao wanaungua. Kama nao wanaungua, tatizo liko nguzoni au kwenye transfoma. Toeni taarifa shirika la umeme. Kama ni kwenu tu, lipo kati ya waya unaoshuka kutoka nguzoni na ubao wenu. Upande wa mita wenye sili asiuguse fundi wa mtaani.

Kisiki:
Fundi, akiweka friji gadi, au zile globu zilizoandikwa 85–265V?

FundiMsamvu:
Gadi inalinda friji peke yake. Globu hizo zinavumilia zaidi, lakini kiungo kilicholegea kinaendelea kupata moto humo humo ukutani. Nimeshaona ubao umeungua kwa sababu hiyo. Kwanza nyutroli.

BintiKihonda:
Nimerudi wakuu. Majirani hawana tatizo. Fundi amekuja na multimita: draya ikiwa imezimwa sebuleni ilisoma 231, ilipowashwa ikafika 287, na chumbani ikashuka hadi 168. Alipozima na kufungua meni swichi, skrubu ya nyutroli ilikuwa imelegea, waya umeungua hadi kuwa mweusi na plastiki yake imeyeyuka. Amekata sehemu iliyoungua, akaukaza upya. Sasa draya ikiwaka sebule haivuki 235. Mungu awabariki. Je, gharama ni yangu au ya mwenye nyumba?

Mama Tausi:
Ubao na nyaya ni mali yake. Mpelekee risiti pamoja na kile kipande cha waya kilichoungua, akione kwa macho. Na glasi ya koridoni itoe.

FundiMsamvu:
Afadhali. Mwambie fundi arudi baada ya miezi michache aikaze tena skrubu, hasa kama waya ni wa aluminiamu, maana huo hulegea. Apime pia ethi, ule waya wa kwenda ardhini. Globu iliyopo sebuleni sasa imeshapigwa na volti kubwa, kwa hiyo ikizima karibuni usishtuke. Lakini ikiungua na ile utakayoweka baada yake, rudi hapa utuambie.