Kitenzi "deploy": tukiseme vipi kwa Kiswahili?

Mwandaaji wa habari, Fort Portal

Ndugu zangu, nawasalimu. Kazi yangu ni kuandaa taarifa ya habari ya Kiswahili katika redio ya hapa kwetu, na habari nyingi hunifikia zikiwa kwa Kiingereza. Kitenzi kinachonisumbua kuliko vyote ni "deploy". Juma lililopita nilisoma hewani kwamba polisi wengi wamepelekwa Kampala, na msikilizaji mmoja akapiga simu kuuliza wametolewa wilaya gani. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu hakuna aliyetoka mbali: walikuwa polisi wa Kampala wale wale, waliotoka vituoni mwao na kusimama barabarani na kwenye mizunguko ya magari. Naomba mnifafanulie maana ya asili ya neno hili, na namna ya kulitafsiri bila kumpotosha anayesikiliza.

Mwalimu wa lugha, Mbarara

Waingereza walilichukua neno hili kwa Wafaransa katika karne ya 18, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, ambamo maana yake ilikuwa kukunjua kilichokunjwa. Katika vita vya zama hizo jeshi lilisafiri kwa mlolongo mrefu, safu nyuma ya safu, kwa kuwa njia ni nyembamba. Lakini mlolongo huo haukufaa kwa mapigano, maana ni wale wa mbele tu walioweza kufyatua bunduki bila kuwapiga wenzao mgongoni. Kwa hiyo jeshi lilipomkaribia adui lilikunjuliwa mfano wa mkeka: waliokuwa nyuma walitoka kulia na kushoto, mpaka wote wakawa mstari mmoja mpana unaomtazama adui. Tendo hilo ndilo "deploy". Hata leo Waingereza hutumia kitenzi hicho hicho parachuti inapofunguka angani, na hapo "kupeleka" haliingii hata kidogo. Kiini cha neno si safari, bali ni kutanda na kuwa tayari kwa kazi. Mimi ningependekeza "kutandaza".

Mfasiri wa nyaraka za sheria, Kampala

Mwalimu, historia hiyo ni sahihi, lakini maana haikubaki pale ilipozaliwa. Ibara ya 210 ya Katiba yetu ya 1995 inalitaka Bunge litunge sheria zinazohusu, pamoja na mengine, "deployment" ya wanajeshi nje ya Uganda. Hapo jambo zito ni kuvuka mpaka, na "kupeleka" ndilo neno lenyewe. Wanajeshi wetu walipokwenda Somalia Machi 2007, chini ya Umoja wa Afrika, kwa hakika walipelekwa. Ukiandika kwamba walitandazwa Somalia, msomaji atashangaa. Hata hivyo, "kupeleka" huishia pale msafiri anapofika, ilhali "deploy" huendelea kumhesabu askari muda wote awapo kazini huko. Kwa sababu hiyo mimi hutazama kihusishi cha Kiingereza kabla ya kuandika: kikiwa "to", naandika "walipelekwa Somalia", kikiwa "in", naandika "walioko Somalia" au "waliowekwa Somalia". Tena, hapa Uganda serikali hulitumia neno hili hata kwa walimu, na kwa madaktari wanaoanza mafunzo ya vitendo hospitalini. Hao nawaandikia "kupangiwa vituo", wala sioni sababu ya kuwavika magwanda.

Askari mstaafu, Jinja

Niongeze tahadhari moja, kwa sababu nimeona kosa hili limeandikwa. Msithubutu kuandika "polisi wametawanywa mjini". Katika habari za usalama, anayetawanywa ni mwandamanaji, naye hutawanywa kwa mabomu ya machozi. Msomaji ataelewa kwamba polisi ndio waliokimbizwa. "Kusambaza" nalo linanikera, kwa sababu linawafanya askari wafanane na magunia ya mbegu. Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi katika nchi hii tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, na sisi kambini hatukuhitaji neno la kigeni kwa jambo hili: tuliamriwa kujipanga, na kila mtu alijua aende kusimama wapi. Kwa habari ya yule ndugu wa Fort Portal, ningesema "polisi wamejipanga kwa wingi katika barabara za Kampala".

Mwandaaji wa habari, Fort Portal

Nawashukuru, Mwalimu, ndugu mfasiri, na wewe Afande. "Wamejipanga" limeniingia moyoni, na nitalitumia kuanzia taarifa ya leo jioni, isipokuwa pale habari inapomtaja aliyetoa amri, ambapo nitaandika "amewapanga", ili msikilizaji ajue askari hao wamesimama hapo kwa neno la nani. "Kupeleka" nitaliachia safari ya kweli. Bado sijaridhika na "redeploy". Leo nimepokea habari ya kikosi kilichoondolewa eneo moja na kuwekwa jingine ndani ya wilaya hiyo hiyo, nami nimeandika "kimehamishiwa", ingawa neno hilo kwetu hutumika zaidi kwa mtumishi anayebadilishiwa kituo cha kazi. Afande, kambini mlisemaje?

Askari mstaafu, Jinja

Tulisema "kuhamishwa". Liache hivyo hivyo, ila taja kilikotoka na kilikokwenda.