Wakubwa wametuchagulia ripozitori kwa kutazama slaidi, sasa bildi hazitembei

Bandugu, leo niacheni nitapike nyongo. Hapa ofisini kwetu Lubumbashi tumelia muda mrefu tupate ripozitori ya ndani, yaani ghala la kutunzia vifurushi vya bildi (bildi ni kuugeuza msimbo kuwa programu kamili). Mpaka leo jar zetu (mafaili ya programu za Java) zinakaa kwenye folda ya pamoja. Ukiifungua unakuta facturation-final.jar, facturation-final2.jar na facturation-final-VRAI.jar. Ipi iko kwa mteja? Kamuulize aliyeiweka, kama hajaacha kazi.

Basi wakaunda kamati: mkuu wa mradi, mhasibu, na bwana mmoja wa mauzo aliyekuja na slaidi zake. Sisi tunaobildi kila siku hatukuitwa. Wamechagua nini? Huduma ya kulipia dola kila mwezi, seva ziko Ulaya. Ripozitori ya ndani, iko Ulaya!

Hivi hii kitu inatafutwa kwa sababu gani? Kazi yake ya kwanza ni proksi. Maven, chombo chetu cha kubildi Java, ikitaka maktaba (msimbo ulioandikwa na wengine) inaiomba seva ya ofisini. Seva ikikosa ndipo inatoka kwenda Maven Central, ghala la umma la mtandaoni, inaileta mara moja na kuitunza. Wa pili akiihitaji anaichota humu humu ndani, hata intaneti ikiwa imelala. Bildi zetu zinaendeshwa kwenye kontena (mazingira ya muda ya kuendeshea programu) zinazofutwa zikimaliza, na folda ya .m2, Maven inapotunza ilivyoshusha, inafutwa nazo. Kwa hiyo ukibadilisha koma moja tu, Spring nzima, maktaba zile kubwa za Java, inashushwa upya, kwa mega za kununua. Na Docker Hub, ghala la mtandaoni la picha za kontena (image), tangu 2020 inawawekea kikomo wanaozivuta bila akaunti, tena inahesabu kwa anwani ya IP. Ofisi nzima tuna IP moja. Mchana tukizuiwa, tunaulizwa kwa nini tumekaa tu!

Eti kamati ililinganisha. Mlilinganisha nini, rangi za skrini? Kuna programu za ripozitori za kuweka kwenye seva yako mwenyewe: Artifactory, Archiva na Nexus. Artifactory ya bure ya msimbo huria ni ya Maven, Gradle na wenzao. Npm (vifurushi vya JavaScript) na Docker haishiki, na nusu ya kazi yetu ni npm. Archiva msinitajie, Apache iliistaafisha 2024. Nexus ya bure inashika Maven, npm na Docker kwa pamoja. Ndiyo, toleo lake la Community la 2025 limekuja na kikomo cha idadi ya vifurushi na maombi ya siku, lakini sisi ni ofisi ndogo, tutakifikia lini?

Hoja pekee niliyoikubali ni ya umeme. Nexus za zamani zilitumia hifadhidata ya OrientDB, na umeme ukikatwa ghafla iliweza kuharibika. Matoleo mapya yameiacha, na ukiiunganisha na hifadhidata ya PostgreSQL, ukaweka betri ya kuizima taratibu, delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) si kisingizio tena. Betri hiyo mhasibu alikataa kuinunua. Mkataba wa mwaka mzima alisaini.

Mwenye Nexus inayotembea kwenye seva ya ofisini humu mjini aniambie: umeipa RAM kiasi gani, na snapshoti (matoleo ya muda ya bildi) unazisafishaje kabla diski haijajaa? Naipandisha kwenye mashine iliyo chini ya meza yangu, watake wasitake.